Ganzi ya Mapokezi

Ilikuwapo nchi moja, na hadi leo ipo, ila ukiuliza iko wapi kila mtu atanyoosha kidole kwa jirani.

Nchi hiyo ilipenda wageni. Langoni mwa uwanja wake wa ndege paliandikwa kwa herufi kubwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na chini yake, kwa herufi ndogo, wenyeji waliombwa wapite mlango wa nyuma. Nchi nyingine huchimba dhahabu au hushona viatu. Hii ilikuwa inapokea. Kiongozi wake, Mtukufu Mlezi, alikuwa mtu wa safari, na kwa kuwa aendaye hana budi kurudi, alipokewa mara nyingi kuliko mkubwa yeyote duniani. Wiki asiyokuwa na safari alipanda ndege, akazunguka juu ya mji, akashuka, akapokewa. Watu walisema hata anaporudi kutoka chooni kuna mtu anapiga vigelegele, lakini hayo ni maneno ya watu na hayajathibitishwa.

Sikitu alikuwa mchezaji katika Kikundi cha Taifa cha Mapokezi. Aliingia akiwa msichana, kwa sababu alikuwa na miguu myepesi na ngoma ikilia ilimpanda yenyewe bila kuombwa. Hakuambiwa kwamba kucheza kulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ilikuwa kupiga magoti. Desturi ya nchi ile ilitaka kikundi kipige magoti juu ya lami tangu ndege inapotarajiwa, siyo inapofika, kwani kumtarajia mkubwa huku umesimama ni kama kumwambia achelewe. Na ndege ya Mlezi ilitarajiwa tangu asubuhi, hata kama bado hajaamka huko aliko. Hakuna aliyeruhusiwa kuinuka mpaka Afisa Itifaki, Bwana Lufunga, atamke maneno yake mawili: "Itifaki imezingatiwa." Kabla ya hapo, nzi akikutua puani, unamwachia Mungu.

Ndipo ilipotoka ganzi. Msaga unga ana vumbi lake, mchoma mkaa ana moshi wake, na wanawake wa Mapokezi walikuwa na ganzi. Ilianzia vidoleni, ikapanda. Wenyewe walifundishana namna ya kuishi nayo: "Ikifika goti, tikisa. Ikifika nyonga, kalale. Ikivuka kiuno, usijisumbue." Walikuwa na mfano karibu. Bi Asumini, aliyeongoza mstari wa mbele kwa miaka mingi, ilimvuka kiuno siku ya ugeni mkubwa, akarudishwa kwao amebebwa kwenye mkeka. Wenzake walipokwenda kumtazama walimchoma sindano pajani, kumjaribu. Bi Asumini hakushtuka. Aliwatazama kwa upole akasema, "Karibuni."

Yake Sikitu ilikuwa imefika goti.

"Ya kwako iko wapi leo?" aliuliza Mwanne, aliyepiga magoti ubavuni mwake siku zote. Mwanne alikuwa na ulimi mkali, na alijua kusema bila kutikisa midomo, ufundi uliotokana na kazi.

"Gotini."

"Basi u mzima kabisa. Mimi leo sijui hata kama nimevaa viatu."

Hawakuwa wamevaa viatu. Walivaa khanga zenye picha ya Mtukufu Mlezi. Mwanzoni picha ilikuwa chini, karibu na pindo, mpaka ikagundulika kwamba wakipiga magoti wanamkalia uso. Ikapandishwa kiunoni, lakini wakicheza kiuno kilimtikisa kwa namna ambayo Bunge liliijadili faraghani. Mwishowe iliwekwa mgongoni. Hapo ikaonekana kwamba Mlezi anatazama upande ambao ndege haitoki, na wizara ikaamua kugeuza njia ya ndege.

*

Mwaka huo Wizara ya Utamaduni, Furaha na Mapokezi ilitia saini mkataba na nchi moja ya baridi, kubadilishana wasanii wa dansi ya kisasa. Wao walete mmoja akae hapa miezi kadhaa ajifunze na kutunga, na sisi tupeleke mmoja akae kwao vivyo hivyo. Waandishi wa habari walimuuliza Waziri, Mheshimiwa Dakta Kibunzi, dansi ya kisasa ni kitu gani. Akajibu kwamba ni dansi inayochezwa sasa hivi, na kwamba serikali iko katika hatua za mwisho za kuichunguza.

Wao wakamleta Maarit. Alikuwa mwanamke mrefu, kanyoa kichwa, na alitembea peku kwa hiari yake. La peku halikumshangaza mtu. La hiari ndilo lililozungumzwa. Wizara ilimpa mkalimani na ratiba. Akapelekwa kuona kiwanda cha saruji, akapelekwa kuona sanamu ya Mlezi, akapelekwa kuona sanamu nyingine ya Mlezi inayoitazama ile ya kwanza. Kila mahali aliuliza, "Watu wanacheza wapi?" na mkalimani alimwambia kwamba suala hilo limepangiwa wiki ijayo.

Mchana mmoja, baada ya mapokezi, Maarit aliwatoroka wenyeji wake akazunguka nyuma ya banda la mizigo. Huko akamkuta Sikitu anatoa ganzi. Sikitu alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Aliuinua mguu akautupa mbele kama anayekung'uta siafu, akaukanyagisha chini, akajipiga paja kwa kiganja, akazunguka nusu, akautupa tena. Ulipoanza kurudi, ulirudi kwa maumivu ya pini elfu, na uso wake ukajikunja, ukafunguka, ukajikunja. Hakujua kwamba anatazamwa.

Maarit alikaa chini kwenye mavumbi akalia.

Mkalimani alipofika anahema, Maarit alimwambia amuulize yule mwanamke anacheza nini.

"Sichezi," Sikitu akasema. "Natoa ganzi."

"Anasema," mkalimani akatafsiri, kwa kuwa alilipwa ili mambo yaonekane mazuri, "hii ni ngoma ya kale ya mabibi zake, ya kufukuza pepo wa baridi."

Maarit akainamisha kichwa kwa heshima kubwa. Tangu siku hiyo alikuja kila mara nyuma ya banda. Walielewana kwa mikono zaidi kuliko kwa mkalimani. Akamweleza juu ya nyumba iliyoko kwao, nyumba ya wasanii, kando ya ziwa linaloganda.

"Kuna sakafu," mkalimani alitafsiri, safari hii bila kuongeza chumvi, maana hakuona pa kuitia. "Ya mbao. Anasema ukiikanyaga inakujibu. Asubuhi unafungua mlango, unacheza. Ukichoka unalala hapohapo, ukiamka unacheza tena."

"Wageni wanafika saa ngapi?"

"Anasema hakuna wageni."

"Mkubwa wa nyumba je?"

"Hakuna mkubwa."

Sikitu alifikiri. "Sasa nikimaliza, nampigia nani magoti?"

Mkalimani aliona swali hilo litaleta utata wa kidiplomasia, akamwambia Maarit kwamba Sikitu anauliza kama kuna maji ya moto.

Lakini sakafu ile ilimwingia Sikitu. Kila alipopiga magoti juu ya lami aliitandika chini yake kimoyomoyo, ubao kwa ubao, na kusikiliza kama itamjibu. Alijua hesabu ya mwili wake. Ganzi ilikuwa inapanda taratibu kama maji ya mto usio na haraka. Akifika kwenye ile sakafu kabla haijavuka kiuno, angeirudisha chini yote, mpaka vidoleni, mpaka kwenye ile miguu ya usichana. Akichelewa, basi asijisumbue.

Maarit alirudi kwao, na baada ya muda ukaja mwaliko. Ulikuwa na jina moja tu: Sikitu.

*

Wizara ilikutana kwa dharura. Sikitu aliitwa akakalishwa kwenye benchi karibu na mlango, mahali ambapo upepo wa feni haufiki.

"Nimeusoma mwaliko huu kwa masikitiko," alisema Dakta Kibunzi. Alikuwa mtu wa sauti nene, aliyezungumza na watu wanne kana kwamba wako uwanjani. "Unasema mtu mmoja. Mmoja! Ndugu zangu, taifa letu lina mamilioni ya watu. Leo tukipeleka mmoja, hao wengine tumewadharau au hatukuwadharau?"

"Tumewadharau, mheshimiwa," wakaitikia.

"Basi tuwe na msafara."

Ukaundwa msafara. Kiongozi wake Waziri. Mke wa Waziri, kwa kuwa utamaduni huanzia nyumbani. Mama mkwe wake, kwa kuwa huko nyumbani ndiye anayeuanzisha. Bwana Lufunga wa Itifaki. Mkurugenzi wa Magoti na msaidizi wake, mmoja wa goti la kulia na mmoja wa kushoto. Daktari, iwapo Waziri ataumwa, na mpiga picha, iwapo hataumwa. Sikitu aliwekwa mwishoni, baada ya mtu wa kumshikia mpiga picha mwavuli.

Wiki mbili baadaye wakamwita tena. Nafasi zimejaa.

"Sikitu, binti yangu," Dakta Kibunzi alisema kwa huruma ya kweli, maana alikuwa mwepesi wa huruma. "Msanii ni nani?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Msanii ni kioo cha jamii. Hata watoto wanajua. Sasa nikuulize, uliona wapi kioo kinasafiri? Kioo hukaa nyumbani, ukutani. Anayesafiri ni mwenye kioo."

Watumishi wote wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akafuta machozi.

"Sasa huko atacheza nani, mheshimiwa?"

"Kucheza!" Dakta Kibunzi akacheka, akawatazama wenzake ili nao wacheke. "Huu ni mpango wa kimataifa, binti. Mambo madogomadogo kama kucheza tutayakuta hukohuko."

Sikitu alikuwa mpole, hakuzoea kusema mbele ya wakubwa. Alijikaza mara moja tu. "Mheshimiwa, ganzi imefika nyongani."

"Imefika?" Waziri akashtuka, akamgeukia Bwana Lufunga. "Imepokewa na nani? Mbona sikuarifiwa?"

Bwana Lufunga akasema atafuatilia.

*

Siku ya kuondoka, Kikundi cha Taifa cha Mapokezi kilipiga magoti kuusindikiza msafara. Mama mkwe wa Waziri alikuwa amesahau miwani nyumbani. Gari lilitumwa, likarudi na miwani ya mtu mwingine, likatumwa tena. Jua lilipanda, likawa utosini, likaanza kushuka upande wa pili kwa aibu.

"Tabasamu, shoga," Mwanne alinong'ona. "Mpiga picha anakuja."

"Natabasamu."

"Hutabasamu. Umekenua kama mbuzi wa sikukuu."

"Sisikii mdomo."

"Mdomo nao tena? Sikitu, usinichezee."

"Nakutania," Sikitu akasema, ingawa hakuwa na hakika.

Ndege ilipopaa aliitazama mpaka ikawa chembe. Alitarajia kulia. Alisubiri kilio kwa subira ileile aliyowasubiria wageni, nacho hakikufika. Aliporudi nyuma ya banda akautupa mguu, akaukanyagisha, akajipiga paja. Pini hazikuja. Alijipiga tena, kwa nguvu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo watu wamehama.

*

Walirudi. Mapokezi yao yaliandaliwa makubwa kuliko ya Mlezi mwenyewe, na Mlezi akaja kupokea, akiwa na wivu kidogo. Maarit alikuwamo ndegeni. Wanawake walipiga magoti tangu asubuhi. Dakta Kibunzi alishuka, akapewa kipaza sauti, na badala ya kwenda kwenye gari akaanza kuhutubia hapohapo.

"Ndugu wananchi! Tulifika kule, tukaingizwa katika nyumba. Sakafu ya mbao. Baridi. Hakuna meza kuu! Hakuna mgeni rasmi! Wenyeji wameketi gizani kama watoto waliokosa, wanatutazama. Wanataka tucheze. Je, serikali yenu iliyumba?"

"Haikuyumba!"

"Haikuyumba. Nikasema, kabla ya yote, tuzingatie itifaki. Nikaomba kwa heshima na taadhima nimtambue mke wangu. Akasimama, akapunga mkono. Lakini mwenye adabu akitambuliwa naye hutambua. Akamtambua mama yake. Mama akamtambua Bwana Lufunga. Lufunga akanitambua mimi, nikashukuru, nikaona Mkurugenzi wa Magoti hajatambuliwa, nikaanza upya. Kila tulipofika mwisho tulikuta tumemruka mtu. Ndugu zangu, tulitambuana mpaka mshumaa wa mwisho ukazimika. Wale watu walikuwa wanalia! Bwana Lufunga alipotamka 'Itifaki imezingatiwa,' ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi mpaka vumbi likadondoka darini. Gazeti lao kubwa limeandika kwamba hawajapata kuona miili ya binadamu ikiahidi kitu kwa muda mrefu namna hiyo bila kukitenda!"

Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

"Dansi ya kisasa tumeipata. Kumbe tulikuwa nayo wizarani siku zote!"

Hotuba iliendelea. Sikitu alisikia maneno 'sakafu ya mbao' yakipita juu yake kama ndege. Wamekwenda kuikanyaga na viatu, alifikiri, kisha akagundua kwamba wazo hilo halimuumi. Alilichunguza kutoka pande zote. Halikuuma upande wowote. Ilikuwa wakati huo, katikati ya shukrani za Waziri kwa mama mkwe wake, ganzi ilipomvuka kiuno. Haikuwa na kishindo. Ilikuwa kama mtu aliyemaliza shughuli zake mjini akapanda kilima kurudi kwake.

Maarit alimwona, akakimbia peku juu ya lami, akamshika mabega na kusema maneno mengi kwa haraka. Mkalimani akaja nyuma yake.

"Anasemaje?" Sikitu aliuliza.

Maarit alikuwa amesema: nilikungoja, wameniambia ulikataa kuja. Mkalimani akamtazama Waziri, akamtazama Mlezi. "Anasema umenawiri."

"Mwambie imevuka."

"Anasema karibu tena," mkalimani akatafsiri.

Ndipo Bwana Lufunga akatamka, "Itifaki imezingatiwa." Wanawake wote wakainuka kwa vilio vidogo vya magoti. Sikitu akabaki.

"Inuka, shoga," Mwanne akamvuta khanga.

"Nimeinuka."

"Hujainuka."

"Mbona mimi najiona nimesimama?"

Minong'ono ikaanza. Mkurugenzi wa Magoti akaulizwa kama kupiga magoti baada ya itifaki ni kosa. Akasema sheria iko kimya, kwa kuwa haikutegemewa kwamba mtu atazidisha utii. Askari wawili wakawa wanamwendea. Lakini Maarit alikuwa amerudi nyuma hatua chache. Akamzunguka Sikitu polepole. Mkono ukampanda mdomoni. Machozi yakamtoka.

Dakta Kibunzi aliyaona machozi yale akayatambua. Yalikuwa sawasawa na ya kule ukumbini.

"Simameni! Msimguse!" akawapigia askari kelele, kisha akachukua kipaza sauti. "Ndugu wananchi, huyo mnayemwona ni tunda la safari yetu! Tumekwenda, tumerudi, na tayari msanii wetu amepata ujuzi!"

Mlezi akapiga makofi. Wananchi wakapiga makofi. Mwanne peke yake aliendelea kuvuta khanga, mpaka akaambiwa anaharibu kazi ya sanaa.

*

Safari ya Sikitu ilipitishwa kwa siku moja. Haukuhitajika mkutano. Tatizo lilikuwa moja, kwamba mtu aliyepiga magoti hawezi kufungwa mkanda wa kiti, na Bwana Lufunga akaamua asafiri chini, kwenye mizigo, pamoja na ngoma, akiwa amefungwa magodoro pande zote. Kwa heshima, walimwachia uso wazi.

Kikundi kilipiga magoti kumsindikiza. Kwa kuwa na yeye alikuwa kwenye magoti, siku hiyo yeye na Mwanne walitazamana uso kwa uso, kimo kimoja.

"Haya, mama wa kimataifa," Mwanne akasema bila kutikisa midomo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unakwenda. Si ndicho ulichotaka?"

"Ndicho."

"Utatukumbuka?"

"Mwanne, ya kwako imefika wapi?"

"Gotini."

"Tikisa."

"Lufunga ananitazama."

"Tikisa hivyohivyo."

Mwanne hakutikisa. Bwana Lufunga alikuwa anatazama kweli.

Huko kwenye nchi ya baridi nyumba ilikuwa kama alivyoambiwa. Madirisha marefu, na nje ziwa limelala jeupe kama sahani. Wabebaji walimwingiza, na kila walipokanyaga, mbao ziliwajibu: kwi, kwi. Wakamweka katikati, wakamfungua magodoro, wakatoka. Sakafu ilikuwa ya rangi ya papai lililoiva. Haikuwa na alama ya goti hata moja.

Maarit akachuchumaa mbele yake, akaweka kiganja juu ya ubao, kisha akauchukua mkono wa Sikitu akauweka hapohapo. Alikuwa amejifunza maneno mawili ya Kiswahili kwa ajili ya siku hiyo, na aliyasema polepole ili asikosee.

"Unaisikia sakafu?"

Sikitu aliinama akatazama. Aliuona mkono wake juu ya mbao. Aliyaona magoti yake juu ya mbao. Alitazama kwa muda mrefu, kwa makini, kama mtu anayetafuta nyumba ya jamaa kwenye mtaa aliowahi kuishi zamani. Kisha akainua uso, na kwa kuwa mbele yake palikuwa na mtu anayengoja, akatabasamu vizuri, kama alivyofundishwa.

"Karibuni," akasema.